Tunataka Mwanamke Atuzalishe, Hatutaki Binti Yetu Awe Nesi

Leo hatuzungumzii mishono ya abaya wala pilau ya Idi. Leo tuna ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa sisi kwa sisi wanawake.

Tunaandika kutoka Mwanza, wilaya ya Nyamagana. Sisi ni wanawake wawili wa Kipemba, tuna cherehani 3 na meza moja ya kukatia, kwenye fremu ya duka chini ya kilima cha Bugando. Tulimaliza skuli ya sekondari, tukafanya kozi ya ushonaji, basi. Chuo kikuu hatukukiona ila kwa wateja. Lakini wateja hao tunao wengi, kwa sababu ukitoka dukani kwetu ukainua macho, unaiona hospitali juu ya mawe, na pembeni yake ndipo kilipo chuo kikuu cha afya cha Kanisa Katoliki, ambacho kilianza kufundisha mwaka 2003. Wanasoma hapo watoto wa dini zote. Wanaosomea uuguzi kwa shahada wanakaa miaka 4, na sare zao lazima zishonwe na mtu. Baadhi tunazishona sisi.

Sasa sikilizeni kisa.

Siku moja alikuja mama mmoja kutoka kwetu Pemba, kamleta binti yake kuanza mwaka wa kwanza. Tulifurahi kama tumeletewa ndugu. Tukamwuliza mtoto anasoma nini, mama akajibu kabla binti hajafungua mdomo: "Tulitaka udaktari, ndugu zangu, na PCB yake ilikuwa nzuri. Lakini ndiyo hivyo, kaangukia kwenye unesi." Alisema kama mtu anayetangaza msiba. Na binti yuko pale pale, tunampima mabega, anaangalia sakafu.

Dukani alikuwepo mteja mwengine, mama wa hapa hapa mjini, Muislamu mwenzetu, anasubiri dera lake. Akaona apoze. Akasema: "Afadhali wako anasoma tu. Mwanangu mimi wa kiume kaniletea nesi mwanafunzi, ati ndiye anayetaka kumuoa. Nimemwambia mwanamke anayelala nje ya nyumba, sijui anafanya nini huko usiku, hapiti mlango wangu."

Yule binti wa Pemba aliinua uso mara moja, akaushusha tena.

Tukadhani yameisha. Mama wa dera akalipa, akafika mlangoni, akarudi. Akatuvuta pembeni akasema kwa sauti ya chini: "Hivi nyie hamna nesi yeyote mnayemjua huko juu? Binti yangu mkubwa mimba imefika miezi 8. Mumewe hataki kabisa mwanamume amguse, na mimi sitaki. Nitafutieni mwanamke, tena mwenye heshima zake."

Jamani. Hatukumjibu siku ile, mteja ni mteja. Tunajibu leo.

Huyo mwanamke mwenye heshima zake unayemtaka akae na binti yako saa 9 za usiku, unadhani anatoka wapi? Anashushwa na mvua? Ni binti wa mtu. Ana mama yake, na huenda mama yake naye aliwahi kuambiwa na jirani kwamba mtoto wake analala nje. Haiwezekani wanawake wote wa mji watake kuhudumiwa na mwanamke, halafu wote hao hao wakatae mtoto wao asiwe huyo mwanamke, na wakatae mkwe asiwe huyo mwanamke. Hesabu hiyo hata sisi wa cherehani tunaiona haifungi. Ukikata vipande vyote vya mbele ukaacha vya nyuma, huna gauni.

Na tusije tukaeleweka vibaya, wauguzi wanaume wapo, wengi, wanajua kazi yao na wanaifanya kwa adabu. Ugomvi wetu si nao. Ugomvi ni na anayesema "mwanamke tu" kwa mdomo mmoja na "unesi si kazi ya mwanangu" kwa mdomo huo huo.

Tuanze na hilo neno "kaangukia". Watu wanadhani unesi ni chumba cha walioshindwa udaktari. Tulikuwa tunadhani hivyo pia, tusiwadanganye. Mpaka mwaka juzi alipokuja mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili kupunguziwa sare, akakaa kwenye stuli anasubiri huku anapiga hesabu kwenye karatasi yetu ya kukatia. Tukamwuliza, unapiga hesabu ya nini? Akasema, ya dripu. Lita 1 ya maji iingie kwa mgonjwa ndani ya saa 8, mrija unatoa matone 20 kwa kila mililita 1, je, yadondoke matone mangapi kwa dakika? Tukamwambia, mama, hata mashine si inahesabu? Akacheka. Akasema wodi zenye mashine za hivyo ni chache na wagonjwa ni wengi, unasimama na saa yako unahesabu mwenyewe. Akatuonesha: mililita 1000 mara matone 20, gawa kwa dakika 480. Inakuja matone 41 na kitu, unahesabu 42. Ukikosea ukaachia mara mbili, mzee wa moyo mbovu anajaa maji kwenye mapafu. Ukikosea ukabana, mwengine anaishiwa.

Sisi tukikosea hesabu tunaharibu kitambaa cha mita 4. Tunakwenda kununua kingine sokoni Makoroboi, tunakula hasara, maisha yanaendelea.

Huyo huyo ndiye aliyetueleza mambo ya damu. Alichukua chupa ya soda ya nusu lita iliyokuwa kwenye dirisha letu, akasema: mwanamke akishajifungua, damu ikifika hii chupa moja, hapo ni hatari, hiyo tayari inaitwa kutoka damu nyingi. Na haitoki kwa kelele. Inaweza kutoka taratibu, inaingia kwenye kanga, inaingia kwenye godoro, mama mwenyewe anasema anasikia usingizi tu, ndugu wanasema mwacheni apumzike kachoka. Wa kufunua na kuangalia, kila baada ya dakika 15 katika saa ile ya mwanzo, kubonyeza tumbo kama kizazi kimekaza, kupima presha, ni mkunga. Daktari ataitwa, naam, lakini ataitwa na nani? Na yule aliyefunua.

Tulinyamaza, kwa sababu mmoja wetu dada yake alikufa hivyo hivyo, kalala, watu wanasema kachoka. Hatutasema wapi.

Nchi yetu katika utafiti wa afya wa 2015/16 ilikuwa inapoteza akina mama 556 katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa 2022 ukaleta 104. Bado ni wengi, kila mmoja ana watoto na ana mama yake. Lakini kutoka 556 kuja 104 si mchezo. Vilijengwa vituo, zilinunuliwa dawa, gari za wagonjwa zipo, tunashukuru. Ila kituo hakimfunui mama kanga saa 9 usiku. Anayefunua ni huyo aliyeangukia kwenye unesi.

Sasa tuje kwenye maisha yao, maana hapa ndipo maneno yanapokuwa mengi.

Mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa kwanza anakuja kwetu na kiuno cha nyumbani kwao. Mwaka wa pili anarudi tupunguze inchi 2. Hatutanii, tuna daftari la vipimo. Asubuhi ana darasa: mwili wa binadamu, dawa, vijidudu, magonjwa ya akili, utafiti. Halafu wodini, na wodini si kutembea. Ana kitabu ambacho kila kazi aliyoifanya lazima isainiwe na msimamizi, amezalisha wangapi, ameshona vidonda vingapi, ametunza watoto wachanga wangapi. Asiposainiwa hakufanya. Kwa hiyo kuna wiki anaingia usiku, anatoka saa 1 asubuhi, anaoga, na mchana ana testi. Akifeli anakula sapu, akiendelea kufeli anadisko, anarudi kwao na begi. Huyo ndiye tunayesema anakwenda huko kutafuta wanaume. Usiku huo! Dada zetu, mtu aliyesimama saa 12 miguu ikavimba mpaka viatu havivuki, anataka godoro tu.

Wengi wamepanga vyumba mtaani, Igogo, Mabatini, Mirongo, popote penye bei nafuu na karibu. Wawili watatu chumba kimoja, wanaita geto. Mwenye nyumba anafunga geti saa 4 usiku. Mwanafunzi ana zamu, anarudi alfajiri, anagonga. Akigonga mara 3 kwa wiki, mama mwenye nyumba anaanza kuwaambia wapangaji: "Yule naye, kila siku anaingia asubuhi." Mtaa mzima unajua ni mwanafunzi wa unesi, sare yake inaanikwa uani kila mtu anaiona, lakini utamu wa umbea unashinda kinachoonekana kwenye kamba. Tulimshonea binti mmoja aliyehama nyumba 2 katika mwaka mmoja kwa sababu ya maneno hayo. Si kwa sababu ya kodi. Maneno.

Ndiyo, wapo wanaoharibikiwa. Nani hajui? Pesa ya mkopo, wanaiita bumu, ikichelewa, na mwenye gari akapita akasema twende tukale sato kule ufukweni, kuna anayekwenda. Lakini je, hilo ni la manesi peke yao? Wanaosoma sheria hawana matumbo? Na mwanamume mwenye gari, tena mwenye mke na watoto, mbona hatumsemi kwa jina la kazi yake? Hatujasikia mtu akisema "usimuoze binti yako kwa mfanyabiashara wa samaki, wafanyabiashara wa samaki wote ni wahuni." Kwa nesi tu ndipo tunapohukumu wote kwa mmoja.

Wengi tunaowajua wanaishi hivi: wanachanga, wananunua dagaa na unga, wanapika sufuria moja, wanakula wakiwa na madaftari mapajani. Mwezi wa Ramadhani mmoja wa wateja wetu alikuwa anatuazima chupa ndogo ya maji na tunampa tende 3, anaweka kwenye mfuko wa sare. Magharibi ikiingia akiwa wodini, mwenzake Mkristo, Msukuma wa Magu, anamshikia wagonjwa wake dakika 10 aende akafuturu na kusali. Krismasi yule wa Pemba akafanya zamu ya mwenzake. Hakuna aliyewafundisha hilo darasani. (Na ndiyo maana mifuko ya sare tunaishona mikubwa na tunaitia mshono mara mbili, mifuko yao inabeba kila kitu.)

Tunajua mtakachosema. Mtasema: manesi wanatukana.

Ni kweli. Na hapa hatutawatetea. Sisi wenyewe mmoja wetu alipokuwa kwenye uchungu, katika hospitali ambayo hatuitaji, aliambiwa maneno ambayo hawezi kuyarudia mbele ya watoto wake. Alipigwa kofi la paja. Mpaka leo akisikia harufu ya dawa ya kusafishia sakafu anaumwa tumbo. Msituambie "walikuwa wamechoka". Uchovu haupigi mtu kofi, mkono ndio unaopiga. Mwanamke aliye kwenye uchungu ni amana, na atakayemdhalilisha atajibu kwa Mola wake, na kabla ya hapo ajibu kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga, kwa sababu sheria ya mwaka 2010 inasema hakuna wa kufanya kazi hii bila kusajiliwa na kupewa leseni, na leseni inayotolewa inaweza kuchukuliwa. Tuwe tunashitaki. Tunapiga kelele sebuleni, kwenye ofisi ya malalamiko hatufiki.

Lakini mtu akiniuzia nyama mbovu, dawa si kumkataza mwanangu mwenye roho nzuri asifungue bucha. Ukimzuia binti yako mpole, msomi, mcha Mungu asiende unesi kwa sababu manesi wanatukana, nani atabaki huko? Umewaachia wodi wale wale. Na nyinyi mabinti mnaosoma, kwa kuwa tunajua mtasoma hapa: msione tunawapamba mkadhani mmemaliza. Siku utakayomfokea mama mjamzito, sare tuliyokushonea sisi itakuwa imekuvaa, wewe hukuivaa.

Kuna hili la dini. Wapo wanaosema unesi haumfai mwanamke wa Kiislamu, atachanganyika, atagusa, atakesha. Sisi si masheikh, kwa masheikh mnajua njia. Ila madrasa tulikaa. Rufaida wa Madina alikuwa na hema lake pale pale kwenye Msikiti wa Mtume, rehema na amani zimshukie, akitibu majeruhi, na Saad bin Muadh alipojeruhiwa kwenye vita vya Handaki alipelekwa kwake. Ummu Atiyya alitoka katika vita 7, anapika, anatibu waliojeruhiwa, anasimamia wagonjwa. Hao majeruhi walikuwa wanaume. Na hizo kazi hazikuwa za saa 2 asubuhi mpaka saa 9 alasiri. Tunawapa watoto wetu majina ya wanawake hawa, halafu mtoto akitaka kufanya walichofanya tunamwambia ataharibika.

Wengine kisingizio chao ni nguo. Hapo ndipo mmetufikia kwetu! Ati sare ya wodini haisitiri, mikono lazima iwe wazi kwa ajili ya kunawa. Kweli, mikono lazima inawiwe, Shirika la Afya Duniani limeweka nyakati 5 za kunawa kwa kila mgonjwa unayemshughulikia, na mkono wa nguo unaoburuza kwenye kidonda kimoja kwenda kingine ni madhara, si stara. Lakini hilo ni jambo la mkasi na lastiki, si la kumwachisha mtoto masomo. Tunashona mkono mrefu unaoishia kwa lastiki laini, unapandishwa juu ya kiwiko wakati wa kunawa na kazi, unashushwa ukimaliza. Hijabu tunaikata fupi ya pamba, inaingia ndani ya kola, haina pini hata moja, kwa sababu pini ikidondoka kwenye kitanda cha mtoto mchanga ni balaa. Sare pana, isiyobana nyonga, ndefu chini ya goti na suruali yake. Kabla ya kushona aulize utaratibu wa chuo chake, alete maelezo, tutafuata. Mpaka leo hatujashindwa hata sare moja. Tunaoshindwa ni watu wazima wasiotaka kushindwa hoja.

Mwisho wa miaka 4 bado hajamaliza. Ana mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi hospitalini, ana mtihani wa leseni, halafu anangoja ajira, na ajira hazingoji kila mtu. Kuna wanaorudi kwetu na shahada wakituomba tuwafundishe kushona huku wakisubiri majina yatoke. Tunawafundisha. Lakini tunaona aibu kwa niaba ya nchi nzima, kwamba mkono unaojua kuzuia damu ya mzazi unapindisha mapazia dukani kwetu. Kama mnataka kulalamika kuhusu unesi, lalamikieni hilo. Mwambieni mbunge, mwambieni mwakilishi, akija na kofia na kanga mwulizeni kituo chenu kina wakunga wangapi usiku. Msimwulize binti kwa nini anarudi asubuhi.

Yule wa Pemba sasa yuko mwaka wa tatu. Mama yake alipokuja tena mwezi uliopita tulimwona anamuonesha mtu picha ya binti kwenye simu, kavaa sare yetu, na hakusema "kaangukia". Hakusema lolote, alionesha picha tu.

Na yule mama wa dera, tulimtafutia. Binti yake alijifungua mtoto wa kike, salama, usiku wa Ijumaa, mikononi mwa mwanamke kama alivyotaka. Tuliyempa namba yake ni mchumba wa mwanawe. Hakumjua, hakuwahi kutaka hata kumwona sura. Kamsifu dukani kwetu robo saa nzima, ana mikono laini, ana subira, anaitikia "labeka mama". Tulimwacha amalize. Tukamwambia ni nani.

Alichukua mfuko wake akaondoka, na dera jingine aliloleta lishonwe liko hapa mezani, limeisha tangu juma lililopita. Posa bado haijapelekwa. Binti wiki hii yuko zamu ya usiku.